Mizunguko Miwili ya Dunia, Ukiitazama kutoka Mara

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha kwanza wa Musoma, Bunda au Butiama tofauti ya "rotation" na "revolution". Kama alikuwa makini darasani, atakujibu bila kupepesa macho. Neno la kwanza ni dunia kujizungusha katika mhimili wake, nako huleta usiku na mchana. La pili ni dunia kulizunguka jua, nako huleta majira manne ya mwaka. Jibu limetimia na alama anazipata zote. Sasa mwongezee swali moja: katika hayo majira manne, wewe kwenu Mara umeyaona mangapi?

Hapo ndipo anapokwama. Usiku na mchana anavijua tangu anyonye. Theluji hajaiona, miti inayopukutisha majani kwa baridi hajaiona, jua linalozama saa kumi alasiri hajaliona. Kitabu kimempa ushahidi wa mzunguko mmoja unaopatikana mlangoni kwao, kisha kikampa ushahidi wa mzunguko wa pili unaopatikana Ulaya. Na si hilo tu. Vitabu vyetu vingi vimechukua majina ya misimu yetu wenyewe, masika, vuli, kiangazi na kipupwe, vikayabandika juu ya misimu ya huko. Mtoto wa Bunda ambaye vuli kwake ni mvua ya kuanzia Oktoba hadi Desemba anachorewa mchoro ambamo vuli ni msimu wa majani kukauka. Matokeo yake ni kwamba mzunguko mmoja anauishi na mwingine anaukariri. Na kilichokaririwa hakina mizizi. Kwenye chumba cha mtihani hubadilishana nafasi na jirani yake kwa urahisi sana.

Hoja ya makala haya ni kwamba mzunguko wa pili una ushahidi tele katika Mkoa wa Mara, tena unaoweza kupimwa kwa kijiti na saa ya mkononi. Ila kwa kuwa Musoma iko nyuzi 1 na nusu tu kusini mwa ikweta, na Bunda nyuzi 2, ushahidi huo hauko kule ambako vitabu vimezoea kuutafuta.

Kabla ya kufika huko, tukiondolee Kiswahili lawama moja. Husemwa kwamba wanafunzi wetu huchanganya mambo haya kwa sababu Kiswahili kina neno moja, mzunguko, pale ambapo Kiingereza kina mawili. Ni kweli kwa upande wa nomino tu. Kitenzi hakijawahi kuchanganya: dunia hujizungusha, dunia hulizunguka jua. Silabi moja katikati ya kitenzi, "ji" au "li", imebeba tofauti yote. Ya kwanza inasema kitu kinajigeuza chenyewe. Ya pili inasema kuna kitu kingine katikati kinachozungukwa. Mwalimu anayeandika ubaoni "mizunguko ya dunia" ameitupa silabi hiyo yeye mwenyewe, halafu anashangaa darasa limepotea. Ushauri wangu ni mfupi: tumia kitenzi.

Wala Kiingereza chenyewe si kisafi kama kinavyosifiwa. Ule utengano mkali wa maneno mawili ni wa wanafalaki. Watu wengine hawaufuati. Dashibodi ya gari au pikipiki kubwa ina mshale unaoonyesha injini inazunguka mara ngapi kwa dakika, na herufi za hapo, RPM, zimefupisha "revolutions per minute", ingawa krankshafti ya injini inajizungusha katika mhimili wake na haikizunguki chochote. Mlango wa hoteli unaogeuka kwenye nguzo yake huitwa kwa neno la pili pia, na kwa kanuni ya wanafalaki ungestahili la kwanza. Tazama na upatu. Fedha inapita kwa mwanachama mmoja hadi mwingine mpaka duara limalizike. Kwa kanuni hiyo hiyo ungetarajia neno la pili, lakini wataalamu wa uchumi huandika la kwanza. Mkulima wa Bunda anayepanda pamba mwaka huu, na mwaka ujao akaweka mtama au choroko katika shamba lile lile, naye amepewa neno la kwanza, na hakuna mhimili wowote shambani kwake. Kwa hiyo mtoto anayechanganya maneno haya si mjinga. Amekutana na lugha ambayo wenyewe huichanganya kila siku, kisha wakaitaka iwe safi katika somo moja.

Kuna mtego mwingine ambao unamhusu hasa mtoto wa Butiama. Neno "revolution" amelisikia kabla hajaingia darasa la jiografia, likiwa na maana ya mapinduzi: Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, na jina la chama kilichoundwa tarehe 5 Februari 1977 kwa kuunganisha TANU na ASP, ambacho mwenyekiti wake wa kwanza alizaliwa kijijini hapo hapo. Kwa Kiingereza mambo haya mawili, kupindua utawala na sayari kulizunguka jua, yamekaa katika neno moja. Nicolaus Copernicus alipochapisha mwaka 1543 kitabu chake kilichoiondoa dunia katikati ya ulimwengu, neno la Kilatini lililokuwa kwenye jina la kitabu lilihusu mizunguko ya miili ya angani tu. Maana ya siasa ilishika nguvu baadaye. Kiswahili kilikwepa mkanganyiko huo kwa kuchukua pindua upande mmoja na zunguka upande wa pili. Hapa sisi ndio wenye lugha iliyopangika vizuri zaidi.

Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi nchini. Sekondari ilibaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi juu, na serikali haikulikubali pendekezo hilo. Ndiyo maana tofauti hii ya mizunguko hufundishwa mara mbili: kwanza kwa vitenzi vya Kiswahili ambavyo mtoto anavielewa, halafu kwa nomino mbili za Kiingereza zinazoanza kwa herufi moja na kuisha kwa sauti moja. Mara hii ya pili ingekuwa rahisi kama mara ya kwanza ingekuwa imeacha kitu cha kushika mkononi. Basi tukitafute.

Mzunguko wa kwanza hauna shida. Katika eneo la ikweta, dunia inapojizungusha humchukua mtu kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa. Kwa mstari ulionyooka, kutoka Musoma hadi Bunda ni kilomita 60 hivi. Umbali kama huo mzunguko wa kwanza huumaliza kwa dakika mbili na ushei. Mzunguko wa pili, ambao hutembeza dunia kwa kilomita 30 hivi kila sekunde, huumaliza kwa sekunde mbili. Hatuhisi chochote kwa kuwa kasi zote mbili hazina mishtuko. Ziwa, nyumba na hewa vinakwenda nasi.

Kinachohisiwa ni matokeo. Asubuhi nchi kavu hupata joto upesi kuliko Ziwa Victoria, hewa yake ikapanda, na mchana upepo ukaingia mjini Musoma kutoka ziwani. Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji yakabaki na joto lake, na upepo ukageuka kuelekea ziwani. Pepo hizo za usiku zikikutana juu ya maji, hewa yenye unyevu hupanda na kuzaa radi na dhoruba, na ndiyo sababu dhoruba nyingi za ziwa hili huchacha kati ya usiku wa manane na alfajiri, saa ambazo wavuvi wa dagaa wako kazini. Chanzo cha mfululizo huo wote ni dunia kujizungusha. Kama ingekuwa inalizunguka jua bila kujizungusha, mchana mmoja ungechukua miezi.

Hesabu ya saa pia ni ya mzunguko wa kwanza. Waswahili tunaanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, na saa za usiku linapozama, utaratibu unaofaa kabisa penye ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Lakini saa rasmi ya Afrika Mashariki haikuwekwa kwa jua la Musoma. Imewekwa kwa mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambao haugusi Tanzania hata kidogo. Unapita karibu na Mogadishu. Musoma iko karibu nyuzi 33.8. Dunia hugeuka nyuzi moja kila dakika 4, kwa hiyo jua la Musoma huchelewa saa rasmi kwa dakika 45 hivi. Jua huwa katikati ya safari yake kwenye saa 6:45 mchana, wala si saa 6 kamili. Kwa longitudo peke yake, Musoma ingestahili zaidi saa ya Kigali, inayofuata nyuzi 30, kuliko saa inayotumia. Sisemi ibadilishwe, nchi moja kuwa na saa moja kuna faida zake. Nasema tu kwamba mwalimu anayewatoa wanafunzi nje saa 6 mchana kutazama kivuli kifupi kuliko vyote, kama kitabu kinavyoelekeza, atawaonyesha kitu ambacho hakipo.

Jambo moja la mzunguko huu linachekesha kidogo. Mwaka 1851 Mfaransa Léon Foucault alining'iniza chini ya kuba la Panthéon mjini Paris pendulamu yenye uzi wa mita 67 na tufe la kilo 28, watu wakaona mwelekeo wake wa kubembea ukigeuka polepole. Ulikuwa uthibitisho wa wazi kwamba sakafu chini yake ndiyo inayogeuka. Paris duru nzima huchukua karibu saa 32. Pendulamu hiyo hiyo ikiletwa Musoma itachukua siku 38 hivi, ingawa Musoma inakimbia kuelekea mashariki kwa kasi kubwa kuliko Paris. Sababu ni kwamba karibu na ikweta ardhi inasafirishwa mbele, lakini haizungushwi chini ya miguu kama meza inayogeuzwa; huko kugeuka kwa sakafu hukua kadiri unavyosogelea ncha za dunia. Ni kwa sababu hiyo hiyo vimbunga vya kitropiki, kama Hidaya iliyofika eneo la Mafia Mei 2024, haviwezi kujisokota karibu na ikweta. Na ni kwa sababu hiyo hiyo yale maonyesho ya maji wanayofanyiwa watalii Nanyuki nchini Kenya na Kayabwe nchini Uganda, maji yakizunguka kulia upande mmoja wa mstari wa ikweta na kushoto upande wa pili, ni ustadi wa mkono wa anayeyamimina. Hatua chache kutoka kwenye mstari hazina nguvu ya kugeuza hata beseni.

Twende kwenye mzunguko wa pili, ule uliojificha.

Dunia hulizunguka jua kwa siku 365 na robo, na mhimili wake umeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi. Kuinama huko hakubadiliki dunia inaposafiri, ndiyo maana Juni ncha ya kaskazini inaelekea jua na Desemba ni zamu ya ncha ya kusini. Mbali na ikweta, matokeo yake ni makubwa: London mchana wa Juni hupita saa 16 na wa Desemba haufiki saa 8. Musoma, mchana mrefu kuliko yote (Desemba) na mfupi kuliko yote (Juni) hutofautiana kwa dakika 10 au 11 tu. Hakuna anayeweza kuona dakika 10 zilizotawanywa katika miezi sita. Mtoto aliyeambiwa kwamba alama ya mzunguko huu ni mchana kurefuka na kufupika ana haki ya kuona kwamba kwao haupo.

Upo kwenye kivuli. Chomeka kijiti cha mita 1 wima katika uwanja wa Shule ya Msingi Mwisenge, ambako Julius Nyerere alianza masomo mwaka 1934, na ukitazame kwenye saa 6:45 mchana. Karibu na tarehe 21 Juni kivuli kinalala kuelekea kusini, kina urefu wa sentimita 46 hivi, kwa sababu jua limepita upande wa kaskazini. Karibu na tarehe 21 Desemba kivuli kimehamia kaskazini, sentimita 40. Katikati ya hapo, kwenye tarehe 17 Machi na tena kwenye 26 Septemba, jua huwa la utosi kwelikweli na kijiti hakina kivuli. Kuhama huko hakuwezi kuletwa na dunia kujizungusha. Kujizungusha hukizungusha kivuli kutoka magharibi asubuhi hadi mashariki jioni, kesho tena hivyo hivyo; kinachokipeleka kusini na kukirudisha kaskazini kwa muda wa mwaka ni safari ya kulizunguka jua. Kivuli kimoja kinabeba mizunguko yote miwili, na kila mmoja una mwelekeo wake. Wenye biashara za barabarani wanalijua hili bila kuliita jiografia: katika mtaa unaotoka mashariki kwenda magharibi, upande wenye kivuli mchana wa Julai sio upande wenye kivuli mchana wa Januari.

Jambo hili linapendeza zaidi ukiiweka Bunda kando ya Musoma. Bunda iko kusini, kwa hiyo Machi, jua la utosi linapopanda kuelekea kaskazini, huipitia Bunda kwanza, likapita juu ya Butiama, na kuifikia Musoma baada ya siku moja na ushei. Septemba mwendo unageuka: Musoma inatangulia na Bunda inafuata. Walimu wawili wenye simu na vijiti viwili wangeweza kuifuatilia safari hiyo wiki nzima ya katikati ya Machi bila gharama yoyote. Sijui mchoro wa kitabu unaoweza kushindana na hilo.

Kutoka kwenye kivuli twende kwenye mvua, maana hapo ndipo mzunguko wa pili unapoingia katika maisha ya watu. Mahali ambapo jua ni la utosi hewa hupanda, na pepo za kaskazini na za kusini hukutana. Ukanda huo wa mkutano hufuata jua, ukichelewa kwa wiki kadhaa. Jua likipita juu ya Mara katikati ya Machi likielekea kaskazini, mvua za masika hushamiri Aprili. Likirudi mwishoni mwa Septemba, vuli hushamiri Novemba. Ziwa nalo huongeza mvua zake, na milima hubadilisha mambo hapa na pale, kwa hiyo kalenda haifuatwi kama ratiba ya basi. Lakini mpango wake ni huo: misimu miwili ya mvua kwa sababu jua linapita juu yetu mara mbili. Sasa mtoto wa Bunda ana sababu ya kuita vuli vuli.

Nyumbu nao wanafuata mpango huo kwa miguu. Zaidi ya milioni moja hufuata majani yanayofuata mvua. Kati ya Januari na Machi wako kwenye nyanda za kusini mwa Serengeti wakizaa; Mei na Juni wengi huelekea ukanda wa magharibi na Mto Grumeti, ambako hifadhi inanyoosha mkono wake hadi jirani na Bunda na ziwa; kuanzia Julai hadi Oktoba wako kaskazini wakivuka Mto Mara huku na huku. Halafu wanarudi kusini. Mfululizo huo wa mwaka usingekuwepo kama mhimili wa dunia ungesimama wima.

Hapa kuna dhana moja ya kufutwa, kwani nimeisikia hata kwa watu waliosoma: kwamba misimu huletwa na dunia kusogea karibu na jua na kwenda mbali nalo. Ni kweli njia ya dunia si duara kamili. Mwanzoni mwa Januari tuko kilomita milioni 147 hivi kutoka kwenye jua, na mwanzoni mwa Julai milioni 152. Lakini Januari, tukiwa karibu kuliko wakati wote, ndipo Ulaya inapotetemeka kwa baridi. Kinachoamua misimu ni kuinama kwa mhimili.

Basi kuna kipimo rahisi cha kumpa mwanafunzi: kinachojirudia kila siku kinatokana na dunia kujizungusha, kinachojirudia kila mwaka kinatokana na dunia kulizunguka jua. Kinatosha kwa mtihani. Hakitoshi kwa mambo yaliyobaki, ambamo mizunguko miwili imefumwa pamoja, na hayo ndiyo ninayoyapenda zaidi.

Tazama saa ya jua kuchomoza Musoma. Mwanzoni mwa Novemba linachomoza kwenye saa 12:23 asubuhi. Katikati ya Februari linachomoza kwenye saa 12:54. Ni nusu saa nzima, tofauti kati ya mtoto anayekwenda shule kwenye mwanga na yule anayekwenda gizani. Mtu atasema: ni kwa sababu mchana umefupika. Haukufupika. Urefu wa mchana wa siku hizo mbili ni karibu ule ule, na jioni ya Februari jua nalo linachelewa kuzama kwa nusu saa hiyo hiyo. Mchana wote umesogezwa mbele.

Aliyeusogeza ni mzunguko wa pili. Ukiipima kwa nyota, dunia hujizungusha mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Lakini katika muda huo imeshasogea kidogo kwenye njia yake, kwa hiyo inabidi igeuke zaidi kidogo, kwa takriban dakika 4, ndipo jua lirudi pale lilipokuwa jana. Saa 24 tunazozijua ni mzunguko mmoja pamoja na nyongeza hiyo. Na nyongeza haitoshani kila siku: Januari dunia iko karibu na jua na inakwenda kasi zaidi, Julai inakwenda polepole, na kuinama kwa mhimili kunaongeza tofauti nyingine juu ya hiyo. Saa ya ukutani hutumia wastani. Sekunde zinazopungua au kuzidi kwenye wastani huo hujilimbikiza siku baada ya siku, na kati ya Novemba na Februari hufika dakika 30. Katika nchi za mbali na ikweta jambo hili hufunikwa na mchana unaorefuka na kufupika kwa masaa. Musoma hakuna cha kulifunika, kwa hiyo hapa linaonekana wazi kuliko London au Paris.

Linganisha pia Musoma na Dar es Salaam. Kwa longitudo, jua la Musoma linachelewa kuliko la Dar kwa dakika 22, na karibu na siku ambazo usiku na mchana hulingana, ndivyo magharibi inavyochelewa. Lakini Dar iko mbali zaidi na ikweta, karibu nyuzi 7 kusini, kwa hiyo mchana wake unabadilika zaidi. Juni jua la Dar huwahi kuzama, na pengo la magharibi hufika dakika 31 hivi. Desemba hushuka hadi dakika 13. Dakika 22 ni za dunia kujizungusha. Kupanda hadi 31 na kushuka hadi 13 ni kwa dunia kulizunguka jua ikiwa imeinama. Mfungaji wa Musoma anayefungua swaumu kwa adhana ya Dar iliyorushwa redioni ameila futari kabla ya jua kuzama mwaka mzima. Kinachobadilika ni kiasi tu.

Zile dakika 4 zina matokeo mengine angani. Kila nyota huchomoza dakika 4 mapema kuliko jana, saa mbili mapema kila mwezi, na baada ya mwaka imemaliza siku nzima. Ndiyo kusema kwamba kwa mwaka mmoja dunia hujizungusha mara 366 na robo, ingawa tunahesabu siku 365 na robo. Duru moja imemezwa na safari ya kulizunguka jua. Wakulima wa zamani hawakuhitaji hesabu hiyo, walihitaji Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho hata jina lake limetokana na kulima. Mwezi Mei hupotea katika mwanga wa jua la magharibi, Juni hujitokeza tena alfajiri upande wa mashariki, na Novemba huchomoza jua linapozama. Methali ya pwani inasema kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, na kwa Mara ni hivyo pia: kinazama masika ikiishia, kinazuka kiangazi kikianza. Kuchomoza na kuzama kwake kwa usiku mmoja ni mzunguko wa kwanza. Kubadilisha saa yake mwezi baada ya mwezi ni wa pili.

Mwisho ni mwezi, ambao ndio mtego mkubwa kuliko yote. Kwa kuwa hutuonyesha uso ule ule siku zote, wanafunzi wengi huandika kwamba mwezi unaizunguka dunia lakini haujizungushi. Ni kinyume chake. Unatuonyesha uso mmoja kwa sababu unajizungusha, mara moja kamili kwa siku 27 na theluthi hivi, muda ule ule unaotumia kuizunguka dunia. Asiyeamini amweke mwenzake katikati ya darasa na amzunguke akimtazama usoni bila kukwepesha macho. Akirudi alipoanza, atakuwa ameziona kuta zote nne mbele yake, maana yake amejizungusha mara moja.

Wavuvi wa dagaa kwenye mialo ya Musoma, kuanzia Mwigobero, wanaishi kwa hesabu ya mwezi. Dagaa huvutwa kwa taa, zamani karabai na sasa zaidi taa za sola na betri, na taa haina nguvu penye mbalamwezi. Kwa hiyo usiku wa mwezi mpevu mitumbwi mingi hupumzika na nyavu hushonwa, na giza likirudi kazi inarudi. Lakini mvuvi akihesabu usiku kutoka mbalamwezi moja hadi nyingine hapati 27. Anapata 29 au 30, kama wanavyopata wanaosubiri mwandamo wa Ramadhani. Mwezi umekwisha kuizunguka dunia baada ya siku 27 na ushei, lakini katika siku hizo dunia nayo imesogea kando ya jua kwa karibu sehemu moja ya kumi na tatu ya njia yake, na mwezi unahitaji siku mbili zaidi kulifikia tena jua pale lilipohamia. Siku hizo mbili za kazi au za kupumzika kwenye mwalo ni za dunia kulizunguka jua.